Uzi: Tendai "Beast" Mtawarira, mechi 117 kwenye safu ya mbele. Tuuchambue ufundi wake

#1 Nguzo

Wakuu, salaam. Raga ikitajwa humu, mazungumzo hukimbilia kwa mawinga na wapiga penalti. Leo naomba tukae na mtu wa kazi ngumu, propu wa kushoto, anayevaa namba 1. Nimemchagua Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, 1 Agosti 1985, aliyeichezea Afrika Kusini mechi 117 kuanzia 2008 hadi 2019. Jina la Beast, yaani Mnyama, alibandikwa tangu utotoni. Kwa Tanzania Mnyama ni Simba, kwa hiyo humu nitamwita Mtawarira ili tusichanganyane.

Alipita shule ya Churchill pale Harare, akaenda shule ya Peterhouse kule Marondera, kisha akavuka kwenda Durban kujiunga na timu ya Sharks. Alipofika hakuwa propu. Alikuwa mchezaji wa safu ya nyuma ya skramu (pale wanane wa kila timu wanapoinama, kushikana na kusukumana kugombea mpira), namba 8, mtu wa kubeba mpira na kukimbia. Aliyemgeuza ni kocha Dick Muir, aliyeona mwili ule na nguvu zile za miguu akamwambia nafasi yake iko mbele.

Usiyachukulie mabadiliko hayo kirahisi. Namba 8 kwenye skramu anasukuma kwa nyuma, kichwa kiko katikati ya maloku wawili (wale wa safu ya pili), hakuna adui anayemgusa. Propu anabeba mzigo wa pande mbili: mbele yake kuna mtu wa kilo 115 au 120 anayetaka kumkunja, nyuma yake kuna wenzake wanaomsukuma. Shingo, mabega na mgongo wa chini vinapaswa kujengwa upya. Wengi wakijaribu wanarudi walikotoka. Yeye alianza kuonekana kwenye ligi ya Super Rugby mwaka 2007, na tarehe 14 Juni 2008 akacheza mechi yake ya kwanza ya taifa dhidi ya Wales, Pretoria.

Hoja yangu ni hii: mechi zake mbili kubwa, Durban 2009 na Yokohama 2019, zilichezwa chini ya taratibu mbili tofauti kabisa za kuingia skramu. Mapropu wengi waliong'ara chini ya ule wa zamani walipotea ulipobadilishwa. Yeye alishinda kote kuwili. Tujadili kwa nini.

#2 Kiraka

Mkuu Nguzo, uzi mzuri. Sisi tuliozoea soka tusaidieni kwanza: namba 1 na namba 3 wote mnawaita propu. Tofauti yao ni upande tu?

#3 Nguzo

Si upande tu, kaka. Kazi yenyewe ni tofauti.

Safu ya mbele ina watu watatu: propu wa kushoto, huka katikati, propu wa kulia. Pande mbili zinapokutana, vichwa vinaingiliana kama meno ya zipu, na kila mmoja anaweka kichwa chake kushoto kwa kichwa cha mpinzani wake. Sasa angalia matokeo yake. Namba 3 kichwa chake kinabanwa kati ya namba 1 na huka wa upande wa pili, kwa hiyo mabega yake yote mawili yana mzigo. Namba 1 kichwa chake kiko nje. Bega lake la kulia liko kwenye kifua cha namba 3, la kushoto liko huru.

Kwa hiyo namba 3 ni nanga. Akirudi nyuma, skramu nzima inarudi. Namba 1 ni mtu wa kuing'oa nanga hiyo. Bega lake la kulia linatafuta nafasi chini ya mfupa wa kifua wa mpinzani, halafu anasukuma mbele. Akifanikiwa kupata nafasi hiyo, namba 3 anapoteza mgongo ulionyooka, kidevu kinainuka, nyonga zinatoka nje, na nguvu za wenzake wa nyuma haziwezi kupita kwake tena.

Mguso wenyewe unaanzia miguuni. Nyayo upana wa mabega, magoti yamekunjwa, miundi karibu sambamba na ardhi, mgongo bapa kama meza. Sheria inasema kichwa na mabega yasishuke chini ya nyonga, na ukiona propu kavunja hilo jua skramu itaporomoka ndani ya sekunde moja.

#4 Filimbi

Naongezea upande wa sheria, maana bila hiyo hamtaelewa 2009.

Mshiko. Mkono wa kushoto wa namba 1 lazima upite ndani ya mkono wa kulia wa namba 3, na ashike jezi ya mgongoni au ubavuni. Namba 3 anapitisha mkono wake wa kulia nje ya mkono huo wa namba 1, naye anashika mgongo au ubavu. Hairuhusiwi kushika kifua, mkono, wala ukosi. Kiwiko ndicho kipimo cha refa: kikitazama juu au nje, mshiko ni mrefu na mtu anasukuma kwa haki. Kikitazama chini, anavuta, na penalti inakuja.

Kuingia. Kuanzia 2007 amri zilikuwa nne: kuinama, kugusa, kutulia, kuingia. Kulikuwa na nafasi kati ya pande mbili, na wanane wa kila upande waliruka kwenda kugongana. Aliyegonga mapema na kwa nguvu alishika hatamu. Mwaka 2012 amri zikapunguzwa kuwa tatu, na 2013 ukaja utaratibu tunaouona leo: mnainama, mapropu wanashikana kwanza, ndipo mnaingia. Nafasi ikapungua, na nguvu ya mgongano ikapungua kwa takriban robo. Maana yake, ushindi ukahama kutoka kwenye kugonga kwenda kwenye kukaa na kusukuma baada ya kugusana.

#5 Nguzo

Ahsante Filimbi. Sasa Durban.

Tarehe 20 Juni 2009, mechi ya kwanza kati ya tatu dhidi ya British and Irish Lions, timu teule ya wachezaji wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. Safu ya mbele ya Afrika Kusini: Mtawarira, Bismarck du Plessis, na nahodha John Smit aliyehamishwa kutoka huka kwenda namba 3. Upande wa pili namba 3 ni Phil Vickery, miaka 33, bingwa wa dunia wa 2003. Mtawarira alikuwa na mwaka mmoja tu wa mechi za taifa.

Kilichotokea kinaonekana vizuri ukiangalia nyonga na si mabega. Baada ya kugongana, Mtawarira hakusimama kupumzika hata kidogo. Alikuwa tayari na bega chini ya kifua cha Vickery, akawa anapiga hatua fupifupi, za sentimita chache, miguu haiachi ardhi kwa muda mrefu. Vickery ni mrefu, na mrefu akishapoteza kimo hawezi kurudi chini. Kifua kikafunguka, akainuka, na refa Bryce Lawrence akampiga penalti mara kwa mara. Mapema kipindi cha pili Vickery akatolewa, akaingia Adam Jones. Afrika Kusini wakashinda 26 kwa 21. Tofauti ni pointi tano, na penalti za skramu ndizo zilizowapa Afrika Kusini uwanja na pointi. Mtawarira akawa mchezaji bora wa mechi.

#6 Mtu wa Namba 3

Hapo lazima niseme. Nguzo unasimulia kana kwamba Vickery hakujua kazi. Rudia mechi ile, simamisha picha pale skramu inapoanza kusogea. Nyonga za Mtawarira zimetoka nje na bega linaingia kwa mshazari kuelekea kwa huka. Huko si kusukuma moja kwa moja, na sheria inataka usukume moja kwa moja. Tena sheria inakataza kumnyanyua mpinzani makusudi atoke juu ya skramu. Vickery alipigwa penalti kwa kuinuka, lakini aliyemwinua ni nani?

Na angalia kilichofuata. Mechi ya pili Pretoria akaanza Adam Jones, mfupi zaidi na mzito chini, skramu ya Lions ikatulia kabisa mpaka yeye na propu mwenzake Gethin Jenkins walipoumia, na skramu zikawa za kutosukumana. Mechi ya tatu Johannesburg Vickery akarudi kuanza, na hakuaibishwa. Lions wakashinda 28 kwa 9. Mtawarira huyohuyo alikuwepo. Kwa hiyo Durban haikuwa mtu mmoja kumzidi mwenzake milele. Ilikuwa mbinu ambayo siku ile haikupata jibu.

#7 Filimbi

Hoja ya Namba 3 ina uzito, na tuipe haki yake. Mshazari upo kwenye baadhi ya skramu zile. Lakini fikirini refa anaona nini. Kwa kawaida anasimama upande mpira unapoingizwa, yaani upande wa namba 1 wa timu yenye mpira. Ule wa pili anaachiwa mwamuzi wa pembeni aliye mbali. Refa ana sekunde mbili au tatu za kuamua nani chanzo. Anachokiona kwa uhakika ni mtu aliyesimama wima na kiwiko kilichoshuka. Anayetembea mbele huku mgongo umenyooka anaonekana msafi.

Propu mzuri analijua hilo. Picha anayompa refa ni sehemu ya ufundi. Na namba 3 ana dawa: afunge nafasi kati yake na huka wake, nyonga ziwe karibu kabisa, ili bega la mpinzani likija kwa mshazari likutane na watu wawili badala ya mmoja. Lions walirekebisha hilo katika wiki mbili zilizofuata, ndiyo maana mambo yalibadilika.

#8 Mtu wa Namba 3

Nakubali hapo kwenye nafasi kati ya propu na huka. Durban ilikuwa wazi mno.

#9 Kocha Mbogo

Nimesoma, nafurahi. Naomba niweke miaka ya katikati, maana watu huruka kutoka 2009 hadi 2019 kana kwamba hapakuwa na kitu.

Mwaka 2010 uraia wake uliletwa mezani. Kwa kanuni za dunia za wakati ule, kukaa nchini miaka mitatu kulitosha kuichezea nchi (siku hizi ni mitano), lakini serikali ya Afrika Kusini ilitaka wachezaji wa taifa wawe raia. Akapewa uraia mwaka huohuo, mambo yakaendelea. Mwaka 2012 mapigo ya moyo yalimsumbua, moyo ukienda mbio bila mpangilio, akakosa mechi, akatibiwa, akarudi. Kwa mchezaji ambaye kila skramu inapandisha msukumo wa damu kwa kubana pumzi, kurudi kutoka kwenye tatizo la moyo si jambo dogo, na wengine wangestaafu hapohapo.

Kombe la Dunia 2011 Afrika Kusini walitolewa robo fainali na Australia 11 kwa 9. 2015 wakawa wa tatu. Sharks wakatwaa Currie Cup, kombe la ndani la Afrika Kusini, 2008, 2010 na 2013. Kwa muda mrefu safu ya mbele ya Sharks na ya taifa ilikuwa ileile: Mtawarira, Bismarck du Plessis na kaka yake Jannie. Hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Watu watatu wakishikana kila wiki kwa miaka, mshiko unakuwa wa mwili mmoja. Mkono wa kulia wa namba 1 unajua uende wapi mgongoni kwa huka bila kutafuta, na nafasi ile aliyoisema Filimbi haifunguki.

Halafu propu hafanyi skramu pekee. Kwenye lainauti, pale mpira unaporushwa kutoka pembeni ya uwanja, yeye ndiye mnyanyuaji wa mrukaji. Kosa la kawaida la wanyanyuaji ni kutumia mikono kabla ya miguu: unatakiwa ushike chini ya makalio au mapaja, uchuchumae, usukume kwa miguu, kisha ufunge viwiko. Mtawarira alikuwa imara hapo. Na asili yake ya namba 8 haikufa. Akipewa mpira alibeba kwa kwenda mbele, na uwanja mzima ulinguruma jina lake kwa kuvuta herufi, Beeeast, sauti ambayo mgeni aliweza kudhani ni ya kuzomea.

#10 Kiraka

Kocha, kuna vijana wakubwa wa mwili mitaani wanasukumwa tu kwenye safu ya mbele kwa sababu ni wanene. Wafanye nini kwanza?

#11 Kocha Mbogo

Unene hautoshi, na kumwingiza kijana bila maandalizi ni hatari kweli. Shingo ndiyo inayovunjika.

Anza na shingo bila mwendo: kiganja kwenye paji la uso, kichwa kinasukuma, kiganja kinazuia, kichwa hakisogei. Sekunde 6 hadi 10. Rudia kisogoni, kushoto, kulia. Raundi tatu, mara mbili au tatu kwa wiki. Usimwache kijana asimame kwa kichwa akitengeneza daraja la shingo, uti wa mgongo wake hauhitaji hilo.

Pili, kutambaa kama dubu: mikono na miguu chini, magoti yasiguse ardhi, mgongo bapa, macho mbele. Mita 10 kwenda, 10 kurudi nyuma. Weka chupa ya maji kiunoni. Ikianguka, nyonga zinayumba.

Tatu, skramu kwa hatua, na hakuna kuruka hatua: mmoja kwa mmoja wakiwa wamepiga magoti, kisha mmoja kwa mmoja wamesimama, kisha watatu kwa watatu, watano kwa watano, ndipo nane kwa nane. Kila hatua mpaka umbo likae lenyewe. Kwa walio chini ya miaka 19 sheria inazuia kusukuma zaidi ya mita 1.5, na liheshimiwe hata mazoezini.

Na hili lishikeni: mchezaji akisema mkono umekufa ganzi au una kama umeme, anatoka hapohapo. Asirudi siku hiyo. Skramu ikiporomoka, kidevu mbali na kifua, macho mbele, mikono isiachie. Wanaoachia mshiko na kutanguliza kichwa ndio wanaoumia.

Njumu nazo: meno ya soli yasizidi milimita 21, na kwenye nyasi laini meno mafupi ya mpira ni ya kuteleza tu. Propu anayeteleza amewaangusha wanane.

#12 Nguzo

Kocha, hapo umemaliza. Twende Yokohama.

Fainali, 2 Novemba 2019, Afrika Kusini na Uingereza. Mtawarira ana miaka 34. Safu: yeye, Mbongeni Mbonambi, Frans Malherbe, na nyuma yake upande wa kushoto loku Eben Etzebeth. Dakika ya tatu tu namba 3 wa Uingereza, Kyle Sinckler, anagongwa kichwa na mwenzake Maro Itoje, anazimia, anatolewa. Anaingia Dan Cole.

Kuanzia hapo skramu ikawa mali ya Afrika Kusini. Na ndipo hoja yangu ya mwanzo inaposimama. Hapakuwa na mgongano wa Durban. Walishikana kwanza, wakatulia, mpira ukaingia, kisha ndipo kazi ikaanza. Mtawarira wa 2019 hakutegemea kuwahi. Alimngoja Cole atoe pumzi. Alikuwa chini kwa kiwango kilekile tangu amri ya kwanza hadi mwisho, na Etzebeth akipeleka uzito wake moja kwa moja kupitia nyonga yake. Bega la kulia mahali palepale pa miaka kumi iliyopita. Penalti zikaanza kumiminika, Handré Pollard akapiga sita kati ya milingoti, na mwisho wa siku 32 kwa 12.

Mshazari, Namba 3, sikuuona Yokohama. Unaweza kunisahihisha.

#13 Mtu wa Namba 3

Sikusahihishi. Yokohama alisukuma wima. Kile cha kutolea nje nyonga alikuwa ameshakiacha, nadhani utaratibu wa 2013 ulimlazimisha, kwa sababu ukishikana kwanza mpinzani anahisi mara moja unapogeuka.

Ila mtetee na Cole kidogo. Kikosi cha watu 23 kinapaswa kuwa na wachezaji sita wa safu ya mbele, wawili kwa kila nafasi. Sinckler alipotoka, Cole ndiye namba 3 pekee aliyebaki, kwa hiyo alilazimika kucheza karibu dakika 77 bila kupumzishwa. Wakati huo Afrika Kusini, waliokuwa na watu sita wa skramu kwenye benchi, walibadilisha mapropu wote wawili dakika chache baada ya mapumziko: Steven Kitshoff kwa Mtawarira, Vincent Koch kwa Malherbe. Cole alikutana na mwili mpya huku wake umeshachoka. Mtu asiyejua hilo anamlaumu bure.

#14 Ngong Road

Hamjambo ndugu zangu, nawasoma kutoka Nairobi. Ongezeni na hesabu: Mtawarira 117, Tony Woodcock wa New Zealand 118, Jason Leonard wa Uingereza 114, Gethin Jenkins wa Wales 129, na hao hawahesabiwi mechi za Lions. Wote ni mapropu waliozoea upande wa kushoto. Kwa Afrika Kusini, yeye ndiye propu wa kwanza kufika 100, na alipostaafu Novemba 2019 waliomtangulia kwa mechi za taifa walikuwa wawili tu, Victor Matfield na 127 na Bryan Habana na 124. Baadaye Etzebeth, yuleyule aliyekuwa nyuma yake Yokohama, akampita Matfield mwaka 2024.

Kwetu huku jambo linalouma na kufurahisha kwa pamoja ni Julai 2025, Kampala. Zimbabwe waliwatoa Simbas, timu ya taifa ya Kenya, nusu fainali ya Kombe la Afrika, 29 kwa 23, kisha fainali uwanjani Namboole wakawafunga Namibia 30 kwa 28 na kufuzu Kombe la Dunia 2027, mara ya kwanza tangu 1991. Miaka yote hiyo wachezaji wao bora walikuwa wanaondoka wakiwa shuleni, Mtawarira mmojawapo, na Brian Mujati, propu mwingine aliyeanza kuichezea Afrika Kusini mwaka uleule wa 2008. Nikiangalia Simbas, tatizo letu halijawa mbio. Ni namba 1 na namba 3 wa kukaa dakika 60 bila kurudi nyuma. Wa mbio tunao wengi tangu zamani, mchezo wa saba kwa saba umetupa hao.

#15 Kiraka

Dada Ngong Road umenigusa. Na yeye baada ya Yokohama alikwenda wapi?

#16 Ngong Road

Aliaga timu ya taifa siku chache tu baada ya fainali. Akaenda Marekani, Old Glory DC ya Washington, msimu wa 2020, ukakatishwa na korona mwezi Machi, na mwaka huohuo akastaafu kabisa.

#17 Nguzo

Kwa anayetaka kujifunza kwa macho: tafuta picha za Durban na za Yokohama, uziweke sambamba, uzime sauti. Usifuate mpira. Chagua skramu moja kila upande na uangalie vitu vitatu tu. Kiwiko chake cha kushoto kiko juu au chini. Umbali kati ya nyonga yake na ya huka. Na nyayo zake katika sekunde mbili baada ya mpira kuingia, zinapiga hatua ngapi na ndefu kiasi gani. Durban utaziona hatua nyingi na nyonga inayohama. Yokohama utaona hatua chache, na goti la kulia halinyooki mpaka namba 3 wa mbele yake ameshainuka.